Hamsini kwa Mia

Ploti ya kawaida ya Riruta, Nairobi, hupimwa futi 50 kwa 100. Kwa mita ni kama 15 kwa 30. Kipande hicho zamani kilitosha nyumba ya mawe, safu ya vyumba vya mabati vya kupangisha, migomba michache na choo cha nje. Leo juu yake husimama ghorofa tano za nyumba nane nane, na chini barabarani kuna kinyozi, muuza simu na bucha lenye friji. Ingia katika nyumba moja kati ya hizo 40. Taa ni kitu kidogo, televisheni ni kitu kidogo, pasi na birika hula kilowati moja au mbili kwa dakika chache. Lakini ile shawa ya maji moto iliyofungwa juu ya bomba la bafuni huvuta kilowati nne hadi tano papo hapo. Wapangaji 40 wakiifungua pamoja, ploti moja inadai kilowati 200, na transfoma iliyoning'inia kwenye nguzo za kona, inayolisha majengo kadhaa, inaweza kuwa imeandikwa ubavuni kVA 200 tu. Bila shaka hawaogi wote kwa dakika moja, na mafundi hupanga kwa kutegemea hilo. Hata hivyo watoto wa shule na wafanyakazi wa mjini hawaamki kwa zamu. Alfajiri taa hunywea, jioni hunywea tena, na kila jengo jipya linapokamilika mtaani hunywea zaidi.

Naanzia kwenye ploti kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu stima yamezoea kuanzia upande ule mwingine, kwenye mtambo. Tunaulizana nchi ina megawati ngapi, mvuke wa Olkaria unatoa ngapi, upepo wa Turkana ngapi, Ethiopia inatuuzia ngapi. Njia ya kutoka huko hadi kwenye mita ya mpangaji huja baadaye, kama fundi aliyejenga nyumba akakumbuka mlango wakati wa kuezeka. Ninachoshikilia ni kwamba mpango wa gridi unapaswa kuanza mwisho wa waya, pale mahitaji yanapozaliwa, na kwamba kitu cha kwanza kupangwa na kulindwa ni ardhi ya kupitishia njia, kabla ya mtambo na hata kabla ya mkopo. Mtambo wa jua hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili. Ghorofa la Riruta huinuka kwa muda kama huo. Njia kubwa ya umeme huchukua miaka sita, minane, hata kumi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na mabishano ya ardhi. Ukipanga vitu hivi vitatu kana kwamba vina mwendo mmoja, njia ndiyo itakayochelewa kila mara.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kubahatisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na 434,208 kati yao katika kaunti ndogo ya Dagoretti, ilimo Riruta, kwenye eneo la kilomita za mraba 29 hivi: karibu watu 15,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kanda ya Nairobi peke yake hutumia kiasi kisicho mbali na nusu ya umeme wote unaouzwa Kenya. Na sehemu kubwa ya umeme wa upande wa magharibi wa jiji hupanda kutoka Bonde la Ufa. Mvuke wa Olkaria unazungusha mitambo, umeme unafika Suswa, kituo ambacho sasa ni kama stendi kuu ya nchi, kwa kuwa hapo hukutana njia ya Olkaria, njia ya Loiyangalani inayoleta umeme wa upepo wa Turkana, na ile ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia. Kutoka Suswa njia moja ya kilovolti 220 huelekea kituo cha Ngong, nyingine Nairobi Kaskazini, na ya kilovolti 400 huzunguka kusini hadi Isinya. Ngong umeme hushushwa hadi kilovolti 66, vituo vya kupozea umeme vya mitaani huushusha tena hadi 11, na transfoma ya kona humaliza kazi kwa kuufikisha volti 240 za kuchomeka birika.

Ngazi hizi zina sababu yake. Ukiongeza volteji maradufu, mkondo unaohitajika kubeba umeme ule ule hupungua nusu, na joto linalopotea kwenye waya hupungua hadi robo. Ndiyo maana umeme husafirishwa ukiwa umepandishwa juu sana na kushushwa karibu kabisa na mtumiaji. Kinyume chake ndicho kinachotokea mtaa unapokua bila kituo kipya: njia ya kilovolti 11 iliyojengewa nyumba za chini hurefushwa, hutolewa matawi, hubebeshwa ghorofa baada ya ghorofa, na kadiri mkondo unavyozidi ndivyo waya unavyogeuka jiko. Kenya hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya umeme unaoingia kwenye gridi kabla haujalipiwa. Sehemu ya upotevu huo ni wizi, yale maunganisho ambayo mitaani wenyewe huyaita sambaza, na huo unahitaji dawa yake. Lakini sehemu nyingine ni fizikia tupu, umeme halali uliopashia joto waya uliolemewa, na hakuna operesheni ya polisi itakayourudisha. Unarudishwa kwa kusogeza volteji kubwa karibu na watu.

Njia zina tabia nyingine ambayo mipango yetu huisahau: zinaishi kuliko mitambo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda, lilipofunguliwa mwaka 1954, Nairobi ilikuwa tayari inauhitaji umeme wake, na ikajengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tororo kupitia Lessos, Lanet na Naivasha hadi Juja Road. Kisha yakaja mabwawa ya Mto Tana, ikaja Olkaria, yakaja mafuta mazito na upepo. Koloni liliondoka, kampuni ya umeme ikabadilisha jina na kugawanywa, KenGen ikabaki na mitambo na KETRACO ikaundwa mwaka 2008 kujenga njia kubwa. Muda wote huo ukanda uliokatwa miaka ya 1950 umeendelea kubeba umeme wa magharibi mwa nchi. Waliouchora hawakujua nani angeishi Nakuru au Kisumu baada ya miaka 70, ila walichokiamua kuhusu mahali pa kupita bado kinatuamulia. Uamuzi wa njia ni uamuzi wa vizazi, na tumekuwa tukiufanya kwa haraka ya bajeti ya mwaka mmoja.

Sasa tuitazame rekodi ya kutabiri. Mpango wa taifa wa mwaka 2011, uliofungamanishwa na Ruwaza ya 2030, ulikadiria kwamba kilele cha mahitaji kingepita megawati 15,000 ifikapo 2030. Mwaka 2013 serikali ikatangaza kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Kilichofuata ni hiki: kilele kilifikia megawati 2,000 mwaka 2021, na Februari 2025 kikasimama kwenye 2,316, rekodi ya wakati huo. Makosa haya hayakutokana na uvivu wa kuhesabu. Wataalamu walichukua ukuaji wa uchumi uliotarajiwa, viwanda na reli na miji mipya iliyotajwa kwenye ruwaza, wakavigeuza kuwa megawati. Viwanda havikuja kwa kasi hiyo. Walikuja wateja wa aina nyingine kabisa. Katikati ya 2013 Kenya ilikuwa na wateja wa umeme wapatao milioni 2.3 na kilele cha megawati 1,354. Miaka kumi baadaye wateja walikuwa zaidi ya milioni 9, na kilele cha mwaka huo 2,149. Wateja karibu mara nne, kilele hata maradufu hakikufika. Maana yake ni kwamba kaya nyingi zilizounganishwa vijijini zinawasha taa mbili na kuchaji simu, ilhali ghorofa moja la Nairobi linaongeza mzigo kuliko kijiji kizima. Anayepanga kwa wastani wa taifa hawezi kuiona tofauti hiyo. Huona ukuaji uliosambaa sawasawa, wakati ukuaji wenyewe unarundikana kwenye mitaa inayoweza kutajwa kwa majina.

Matokeo ya kupanga kutoka mtamboni ni hali ambayo kila Mkenya anapaswa kuijua, kwa sababu inamgusa mfukoni. Nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 3,200, na bado viongozi wa serikali wamekiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo, hasa magharibi mwa nchi, hupewa umeme kwa mgao jioni, kwa sababu njia zimejaa au mitambo ya saa hizo haitoshi. Saa chache baadaye, usiku wa manane, mahitaji huporomoka na mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Jotoardhi imechimbwa kwa mkopo, kisima kimegharimu mamilioni ya dola, mvuke uko tayari, na unapaa juu ya mbuga ya Hell's Gate huku mama wa Kisumu akisubiri stima irudi amalize kushona. Nchi ya namna hiyo ina upungufu wa barabara za umeme, na upungufu wa mpangilio wa saa. Kuongeza mtambo mwingine pekee hakutauziba upungufu huo.

Mfano mkali zaidi ni wa Loiyangalani. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika kusimamishwa mwaka 2017. Njia ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme huo Suswa haikuwa tayari. Fidia za ardhi zilizozana njiani, na kampuni ya Hispania ya Isolux Corsán iliyopewa kazi ikafilisika; kampuni ya China ikaingia kumalizia, na njia ikawashwa Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliahidi kuwalipa wenye mitambo hata kama hakuna waya wa kuchukua umeme wao, Kenya iliwiwa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bila kuwasha taa hata moja. Mtambo ulikuwa na wakili, ulikuwa na benki, ulikuwa na tarehe. Njia ilikuwa na matumaini. Siwalaumu waliojenga mitambo ile, maana waliitimiza ahadi yao kwa wakati. Kosa lilikuwa katika mpangilio wenyewe, uliokipa kitu chepesi muda mgumu na kitu kigumu muda mwepesi.

Wengine walijaribu kupanga kinyume chake wakafaulu. Jimbo la Texas, ambalo hakuna anayelituhumu kwa kupenda mipango ya serikali, lilipitisha sheria mwaka 2005 ya kutambua maeneo yenye upepo mwingi na kuyajengea njia kabla wenye mitambo hawajafika. Kilomita zipatazo 5,800 zilikamilika kufikia 2014, kwa takriban dola bilioni 7, zaidi ya ilivyokadiriwa. Wapinzani walisema ni njia za kwenda jangwani. Mitambo ilizifuata, na Texas ikawa jimbo linaloongoza Marekani kwa umeme wa upepo. Afrika Kusini ilipata somo lile lile kwa upande wa maumivu: katika mnada wa umeme jadidifu wa 2022 hakuna mradi hata mmoja wa upepo uliochaguliwa, ingawa nchi ilikuwa ikikatiwa umeme karibu kila siku, kwa sababu nafasi kwenye gridi ya majimbo ya Cape yenye upepo ilikuwa imekwisha chukuliwa.

Kwa nini njia ichelewe hivyo? Nguzo za chuma si teknolojia ngumu. Jibu ni ardhi, na hapa ploti yetu ya Riruta inarudi. Njia ya kilovolti 132 inahitaji ukanda wa mita 30 usiojengwa kitu, ya 220 mita 40, ya 400 mita 60. Mita 30 ni urefu wa ploti ya 50 kwa 100 kamili: njia ndogo kuliko zote hizo ikipita humo hummaliza mwenye ploti asibakiwe na hata ngazi. Sheria ya kupitisha njia imejengwa juu ya wazo kwamba mwenye ardhi anabaki na ardhi yake na kulipwa kwa usumbufu, na wazo hilo lina maana Suswa, ambako ng'ombe watalisha chini ya waya leo na kesho. Halina maana mtaani, ambako kutojenga ni kupoteza kila kitu. Kwa hiyo fidia za mjini hupanda, kesi hufunguliwa, wanasiasa huingia, na mhandisi hujikuta akizungusha njia kwa kona zisizo na sababu ya kihandisi. Wakati huo huo bei ya ardhi inapanda. Ukanda ambao miaka 20 iliyopita ungepita kwenye mashamba ya sukuma wiki na ng'ombe wa maziwa wa Dagoretti, leo ungebomoa nyumba za mamia ya wapangaji wasio na hatimiliki na wasiohesabiwa kwenye fidia. Katika mipango ya aina hii wapangaji ndio wanaoumia zaidi, na jambo hilo pekee lingetosha kututaka tutenge njia mapema, kabla watu hawajahamia.

Basi mpangaji wa gridi angejuaje mapema? Ishara iko City Hall. Kila ghorofa linalojengwa kihalali Nairobi hupitishiwa ramani na kaunti, na thamani ya ramani zilizopitishwa huchapishwa kila mwaka na Shirika la Takwimu la Taifa. Ramani hiyo inaonyesha mtaa, idadi ya nyumba, idadi ya bafu. Ni utabiri wa mahitaji ya umeme wa miezi 18 ijayo, umeandikwa, umepigwa mhuri, na una anwani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kusambaza umeme na gesi katika mipango yao, na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandike mipango yao ya kawi. Kinachohitajika ni ramani ya jengo na ramani ya njia za umeme kukaa juu ya meza moja: kaunti inapobadilisha matumizi ya mtaa kutoka nyumba za chini hadi ghorofa, ieleze pia kituo cha kupozea umeme kitakaa wapi na waya utafika kwa njia gani. Zipo ghorofa zisizo na ramani, na Riruta ni nyingi. Lakini hata hizo huonekana kwenye picha za setilaiti na, mapema zaidi, kwenye maombi ya mita.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito, nami nalichukulia kwa uzito wake. Mtu atasema: umekiri mwenyewe kwamba utabiri ulizidi ukweli zaidi ya mara sita; ukijenga njia mapema kwa utabiri wa aina hiyo, utawabebesha wananchi deni la nyaya zisizotumika. Ni kweli kwamba njia tupu ni hasara, na hasara hiyo huingia kwenye bili. Lakini tofautisha mambo mawili. Mkataba wa mtambo hudai malipo ya uwezo kila mwezi kwa miaka 20 au 25, utumie usitumie. Ukanda uliotengwa hudai fidia mara moja, na ardhi yake haiozi. Kisha njia hukubali kukua kwa hatua, mtambo haukubali. Njia ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 482, iliyokamilika 2017, ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400 ikaanza kuendeshwa kwa 220. Mzigo ukiongezeka, vituo vya miisho hubadilishwa na nguzo zile zile hubeba zaidi. Sisemi tujenge kila kitu mapema. Nasema tununue nafasi mapema, tusimamishe nguzo kwa kipimo, na transfoma tuziongeze kwa kufuata ramani za City Hall. Mpango wa namna hiyo ukikosea, unakosea kwa bei ya ardhi. Ule uliozoeleka hukosea kwa bei ya mtambo mzima.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu ninaoafikiana nao katika mengi: wanasema jua limeiua gridi, kila paa litajitegemea. Tupige hesabu kwenye ploti yetu. Paa lake ni mita za mraba 450. Toa matangi ya maji, ngazi na kamba za nguo, maana wapangaji wa ghorofa hawana pengine pa kuanika, zikabaki 200. Paneli za hapo zinaweza kutoa kilowati 40 mchana wa jua kali, na kwa siku nzuri yuniti kama 160, yaani nne kwa kila nyumba. Si haba hata kidogo. Nyumba nyingi za Riruta hazitumii hizo. Lakini jua Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kilele cha nchi huja kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati wa kupika na kuoga. Julai mawingu hukaa juu ya Dagoretti wiki nzima. Betri za kubeba mzigo wa nyumba 40 kupita siku hizo bado ni ghali, na mwenye ploti anayezilipia si yeye anayelipa tokeni za umeme. Paneli zinastahili kuwekwa, na sheria izirahisishie. Zinapunguza mzigo wa adhuhuri. Ule wa saa moja na nusu jioni, uliolemea transfoma ya kona, zinauacha palepale, na umeme wao wa ziada wa mchana unahitaji waya wa kuupeleka Eneo la Viwandani unakohitajika.

Nani alipe? Oktoba 2024 KETRACO ilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wa takriban dola milioni 736, wa kujenga njia kadhaa, mojawapo ya kilovolti 400 kutoka Gilgil kupitia Thika na Malaa hadi Konza, ambayo ingeizunguka Nairobi upande wa mashariki. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huo huo, na tarehe 21 Novemba Rais akautangaza kufutwa baada ya mashtaka dhidi ya mwenye kampuni huko Marekani. Wengi walihitimisha kwamba fedha binafsi hazifai kwenye gridi. Sikubaliani nao. Serikali yenye madeni haiwezi kujenga kila njia kwa mkopo wake, na mazungumzo na mfuko wa miundombinu wa Africa50 pamoja na PowerGrid ya India kuhusu njia za Lessos–Loosuk na Kisumu–Musaga yalionyesha kuwa mlango huo haukufungwa. Kilichouangusha mkataba wa kwanza, mbali na mashtaka yenyewe, ni kwamba umma ulikutana nao ukiwa umekwisha kuiva. Ramani ya njia, ukanda, idadi ya watakaohamishwa na makadirio ya gharama vikitangazwa na KETRACO kabla ya mwekezaji yeyote kuitwa, mwekezaji hubaki mjenzi tu, na akiondoka ukanda unabaki.

Liko jambo ambalo hesabu ya bei peke yake hailifikii, nalo ni usalama wa gridi. Kanuni ya wahandisi duniani kote ni kwamba kifaa kimoja kikianguka, vilivyobaki vinapaswa kuubeba mzigo bila taa kuzimika. Januari 2022 nguzo za njia ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka Imara Daima, baada ya wezi wa vyuma kuzifungua vipande, na nchi ikazimika. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme wa upepo wa Turkana ulikatika ghafla ukiwa unabeba takriban asilimia 15 ya mzigo wa nchi. Wizara ikautaja mtambo, wenye mtambo wakaitaja gridi, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Swali la nani alianza halinisumbui kama hili: kwa nini njia moja au mtambo mmoja uwe na uwezo wa kuizima hospitali ya Lamu na kinyozi wa Riruta kwa dakika ile ile? Njia ya pili inayoonekana haina kazi siku 360 za mwaka ndiyo inayolala macho kwa siku tano zilizobaki. Mtoto aliye kwenye mashine ya oksijeni hajui wastani wa mwaka.

Na mzigo mpya unakuja ukiwa na saa zake. Kenya Power imekuwa ikihimiza watu wapike kwa umeme kupitia kampeni ya Pika na Power, na kwa afya ya mapafu ya akina mama wa Kawangware ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila kupika ni saa moja jioni, juu ya kilele kilekile. Pikipiki na mabasi ya umeme ni habari nyingine. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji vyombo hivyo, na usiku wa manane ni nusu ya bei ya mchana, kwa hiyo boda boda inayochajiwa saa saba usiku inakunywa ule mvuke wa Olkaria ambao ungepotea. Mtaa unaopika kwa umeme unahitaji waya mnene zaidi. Mtaa unaochaji usiku unaweza kuutumia ule ulioko. Takwimu ya taifa huvijumlisha vyote viwili kama ukuaji wa asilimia kadhaa, na mhandisi anayeamua kipimo cha waya wa Naivasha Road hawezi kuutumia ujumla huo.

Mwanzoni mwa 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kutoka Riruta kupitia Lenana hadi Ngong, kilomita 12 na ushei. Reli hiyo inatengewa ukanda wake, vipimo vinapigwa, fidia zinazungumzwa, udongo unachimbwa. Na inaelekea upande ule ule kiliko kituo cha Ngong, ambako umeme wa Suswa hushuka kwa ajili ya magharibi mwa jiji. Kebo ya kilovolti 66 au 132 ikilazwa ardhini haihitaji mita 30. Inahitaji mtaro wa upana wa mita moja au mbili na mabomba ya kuipitisha, na ingawa kebo yenyewe ni ghali mara kadhaa kuliko waya wa nguzoni, mabomba matupu yakifukiwa wakati udongo umefunguliwa hugharimu kidogo mno ukilinganisha na kubomoa baadaye. Wizara ya Kawi, KETRACO, Kenya Power, Shirika la Reli na Kaunti ya Nairobi zingeweza kukubaliana kuhusu mabomba hayo katika kikao kimoja. Pande zote mbili za ukanda huo ploti za 50 kwa 100 tayari zinauzwa.